Kilengeo cha Marehemu Fakihi

Mume wangu Silvesta hana kiburi cha nguo wala cha chakula. Mpe ugali wa muhogo na kisamvu, atakula na kushukuru. Kiburi chake chote amekiweka mahali pamoja, kwenye kitu kidogo kuliko korosho iliyobanguliwa: kilengeo cha gobole, yaani kile kinundu cha mbele ya mtutu ambacho mwenye bunduki hukitazama anapolenga. Mguse hapo, utaona rangi yake.

Hapa Mnyambe wenye magobole ya halali ni wachache, na kazi yao ni kuwafukuza nguruwe pori na nyani wanaotumaliza mashambani. Silvesta hatengenezi bunduki, na ukimwita mtengeneza bunduki atakusahihisha mbele za watu, maana kibali chake ni cha kukarabati tu. Ufundi alifundishwa na baba yake kule Lukuledi kabla hajanioa na kuhamia huku kwetu. Watu huleta kitako kilichopasuka au kifyatulio kilicholegea, yeye anatengeneza, lakini moyo wake uko kwenye vilengeo.

Namna yake ni hii. Mteja anasimama uani, gobole likiwa tupu, na mimi huwa silipiti mpaka nimehakikisha kwa macho yangu kuwa ni tupu. Anamwambia afumbe macho, aliweke begani vile anavyojisikia, halafu afumbue. Kisha anamtazama: shavu limelala wapi, shingo imekwenda upande gani, jicho lipi linafanya kazi. Baada ya hapo anachukua kipande cha shaba kutoka kwenye bomba bovu la maji, anakipiga tupa, anamwita mtu alenge tena, anapiga tupa tena. Kazi ya kitu kisichojaza kijiko inaweza kula siku nzima. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia yeye hatengenezi kilengeo cha bunduki, anatengeneza cha jicho la mtu. Maneno hayo nimeyasikia mpaka nikiwa peke yangu jikoni nayasema.

Basi vikaingia vile vya kiwandani. Kijana mmoja anaitwa Christopher, ana duka la vikorokoro pale Masasi mjini, akaanza kuviuza: vimo kwenye vipaketi vya nailoni, vyeusi, vina kidoa chekundu katikati, vyote sawasawa. Vimetengenezwa kwa ajili ya bastola huko vilikotoka, na kwetu bastola tunaziona kwenye televisheni, lakini ukikibana kwa skrubu zake kinakaa hata juu ya mtutu wa gobole. Silvesta alipoletewa kimoja akione, alikigeuzageuza kwenye kiganja, akauliza kimetengenezwa kwa jicho la nani. Mwenye nacho akasema la yeyote. Silvesta akamrudishia, akasema la yeyote maana yake si la mtu.

Sasa nije kwa Fakihi. Alikuwa rafiki wa mume wangu kuliko ndugu wa tumbo moja, Mwislamu wa kuswali swala zote, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa wapigaji katika msako wa nguruwe. Nyama ya nguruwe hakuila, lakini kwa kumlenga hakuna aliyemfikia. Sisi Wakristo tulikuwa tunamtania kuwa anatulisha kitu asichokigusa, naye anatujibu kuwa yeye analinda muhogo wake, mizoga ni shauri yetu. Presha ilimwangusha shambani kwake asubuhi moja, hatukuwahi hata kumfikisha zahanati.

Siku ya arobaini ukoo ukakaa, ukamrithisha mpwa wake, Ashiru, mtoto wa dada yake, aliyekuwa akiuza spea za pikipiki Masasi. Kwetu mpwa akirithi, anarithi na jina. Tangu siku ile wazee wakawa wanamwita Fakihi, na nafasi zote za mjomba zikawa zake, msikitini, kwenye vikao na kwenye msako. Na ukoo ule una mwiko wao: kitu cha marehemu hakibadilishwi mpaka kwanza kifanye kazi mkononi mwa mrithi vilevile marehemu alivyokiacha. Jembe halibadilishwi mpini, hata kama mpini umeoza. Ni namna yao ya kumwambia aliyelala kwamba kazi yake imepokelewa. Bunduki ikaandikishwa upya kwa jina la Ashiru, akakabidhiwa.

Haukupita muda akaja kwetu. Nilikuwa kwenye jamvi napepeta mbaazi, kwa hiyo nilisikia yote. Alimwamkia mume wangu vizuri, akakaa, akauliza hali, kisha akatoa mfukoni kipaketi cha nailoni. Akasema kwa adabu kabisa kwamba kilengeo cha mjomba anakiona kimepinda, kimeegemea kushoto, na angeshukuru kama fundi angekitoa na kumfungia hiki kipya.

Mimi nikaacha kupepeta.

"Mkono wangu haujawahi kupinda," Silvesta akasema. "Na mwiko wa kwenu umeusahau upesi hivyo?"

Kijana akaona aibu. Akaomba radhi, akarudisha kipaketi mfukoni, akaondoka. Nami, kusema kweli, nilikuwa nimekiona kilengeo kile siku ya arobaini, na kweli kilikaa kushoto, hata mtu asiyejua bunduki angeona. Nikamtania mume wangu, nikamuuliza kama siku ile ya kukitengeneza alikuwa ametoka kunywa uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho. Ananijua kwa maneno yangu, kwa kawaida hunijibu. Safari hii alinyanyuka akaenda nyuma ya nyumba.

Mwezi ule mabibo yalianza kuanguka, na nguruwe mabibo yanawapa wazimu. Wakaingia mashambani kwa makundi, wakala mabibo, wakachimbua na muhogo wa watu. Mtendaji akafuatilia kibali kwa watu wa wanyamapori, akatangaza msako siku ya Jumamosi, kwenye korongo la chini ya shamba la Mzee Nikolao. Mkutano wa kupanga ukafanyika, mume wangu akaenda. Aliporudi nikampakulia. Alimega tonge moja, akalishika mkononi mpaka likapoa, akalirudisha kwenye sahani.

Ilikuwa Alhamisi jioni, jua bado lipo. Nilimuuliza ana nini, akasema hana kitu. Nikamwambia mtu asiye na kitu hula. Akasema wamempa Ashiru nafasi ya mjomba wake, pale penye mkorosho mkubwa kwenye mdomo wa korongo. Nikasema si ndivyo inavyokuwa, yeye ndiye Fakihi sasa. Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Mama Flora," akasema, "Fakihi alikuwa haoni jicho la kulia."

Nilidhani nimesikia vibaya. Fakihi, mpigaji wa kwanza wa kata nzima. Ndipo akanieleza. Miaka mingi nyuma Fakihi alikuwa anachoma korosho, mafuta ya ganda yakamrukia jichoni. Kwa nje jicho likapona, likawa kama jicho lolote, kwa ndani likazimika. Alijua kuwa watu wakifahamu, nafasi yake ya msako itakwisha, na pengine bunduki itachukuliwa. Kuhamishia bunduki bega la kushoto hakuweza, kila mtu angeuliza. Akamfuata rafiki yake, akamwapisha asimwambie mtu, hata mimi mkewe. Silvesta akamtengenezea kilengeo cha kukaa kushoto, ili aweke kitako bega la kulia kama siku zote, ainamishe kichwa kidogo, na alenge kwa jicho la kushoto. Na akawa hakosei.

Sikuelewa hatari iko wapi. Akauchukua mchi wangu, akabandika donge la ugali pembeni ya ncha yake, upande wa kushoto, akaniwekea begani. Akaniambia nilenge papai lililoiva pale kwenye mpapai, kwa jicho langu la kulia, nilifuatishe lile donge. Nikalenga mpaka donge likaziba papai. Akaniambia nisitikisike, nitazame mchi wenyewe umeelekea wapi. Mchi ulikuwa umeelekea banda la kuku, kulia kabisa.

Nikauweka chini mchi.

Maana wanaofukuza nguruwe kwa madebe hushukia upande wa kulia wa korongo, ndani ya kichaka, hawaonekani. Wapigaji hulenga njia ya nguruwe iliyo wazi, mbele yao, na kwa miaka yote hiyo hajaumia mtu kwa sababu kila mmoja risasi yake huenda anakotazama. Na safari hii miongoni mwa wapiga madebe yumo binti yetu Flora, na rafiki yake Happiness, na nusu ya vijana wa kijiji.

Nilimgeukia mume wangu kwa hasira, nakiri, sauti yangu waliisikia majirani. Kwa nini hakusema siku ile kijana alipokuja na kilengeo chake mkononi? Akajibu kwamba alikasirika. Kwamba alisikia neno kupinda, akaona kile kidude cha bastola, akasahau mengine yote. Baadaye alidhani Ashiru atalijaribu gobole porini, atajionea mwenyewe. Lakini Ashiru ni kijana mtiifu, alishika mwiko: kazi ya kwanza ya bunduki itakuwa kazi yenyewe, si majaribio.

"Nenda sasa hivi ukamwambie," nikasema.

Akaenda. Nilikaa mlangoni namngoja, na kila aliyepita njiani nilimwona kama yeye. Aliporudi nilijua kabla hajafungua mdomo. Alimkuta Ashiru amekaa na mama yake na Bi Pili, mjane wa Fakihi. Bi Pili alikuwa anashukuru kuwa jina la mume wake halikufa, Jumamosi litasikika tena korongoni. Silvesta akazungumza habari za korosho, akanywa chai, akaaga. Nikamwambia basi nitasema mimi. Akaniuliza nimeapa mimi au ameapa yeye? Nikisema mimi, watu watasema mke wa fundi anamsengenya maiti kwa wivu wa vilengeo vya dukani. Na kwa bahati mbaya alisema kweli. Hata mimi ningekuwa jirani ningesema hivyohivyo.

Ijumaa alipita karibu na nyumba ya Ashiru mara kadhaa, nami nikimchungulia kutoka uani, na kila mara alikuta watu barazani. Nilikusudia kumzuia Flora asiende. Jumamosi nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, ameshaondoka na Happiness. Nilisimama pale chumbani nikaona aibu yangu mwenyewe, kwa maana hata ningemfungia ndani, mtoto wa mwenzangu je?

Tulikwenda wote wawili korongoni. Silvesta ana nyonga mbovu, hutembea akivuta mguu, na mimi nilikuwa mbele yake nikimhimiza kwa maneno yote mabaya niliyoyajua. Tulipofika kwenye shamba la Mzee Nikolao tukasikia madebe yameanza. Wapigaji walikuwa wamejipanga, wamechuchumaa, wametulia. Ashiru yuko pale penye mkorosho, kanzu ameiacha nyumbani, amevaa koti la mjomba wake. Alikuwa ameshaliweka gobole begani.

Mtu haruhusiwi kupita mbele ya mstari. Afisa wa wanyamapori alitupungia mkono turudi, Mzee Nikolao akatoa sauti ya kutukemea. Silvesta hakusimama. Alivuta mguu wake mpaka kwenye mkorosho, akaenda akasimama mbele kidogo ya mtutu, upande wa kulia, mahali ambapo mtu yeyote aliyekuwa akitazama angesema gobole lile haliwezi kumpata. Mimi peke yangu nilijua amesimama wapi.

"Shusha," akamwambia Ashiru. "Mjomba wako alikuwa kipofu wa jicho la kulia. Hicho kilengeo ni cha jicho lake la kushoto. Ukipiga, unapiga kule kwenye madebe."

Alisema kwa nguvu, ili wote wasikie, kwa sababu angesema polepole wasingemwamini. Nguruwe walitoka kichakani wakati huohuo, kundi zima, jike na watoto wake, wakapita mbele yetu wakaingia muhogo wa Mzee Nikolao, na hakuna aliyefyatua, kwa kuwa mume wangu alikuwa amesimama mbele ya mstari. Nilimwona Ashiru akilishusha gobole taratibu, uso umeiva kwa aibu.

Kelele zilizofuata sitazisimulia zote. Wengine walisema Silvesta amerukwa na akili, wengine kwamba anamchafua marehemu ambaye hawezi kujibu, na mmoja, Sultani, mwenye kilengeo cha dukani kwenye gobole lake, akasema fundi anaihofia biashara yake. Madebe yakanyamaza, wafukuzaji wakatoka kichakani kuuliza kulikoni. Flora alitoka wa kwanza, debe kiunoni, amekasirika kwamba jasho lake limepotea bure. Nilimshika mkono nikawa simwachii, naye ananiuliza nina nini.

Ashiru hakubishana. Alisubiri mpaka watu wote walipokuwa nyuma yake, amewahesabu kwa macho. Kisha akamwomba Flora debe lake, akalitundika kwenye tawi kavu, pale njia ya nguruwe ilipo wazi, akarudi kwenye mkorosho. Bunduki ilipaswa kufanya kazi ya kwanza, akasema, basi ifanye. Akalenga kwa muda mrefu. Moshi wa baruti ulipoondoka, debe lilikuwa linaning'inia zima, halina hata mkwaruzo. Kulia kwake, ndani ya kichaka, mti mdogo ulikuwa umechanika kimo cha kifua cha mtu, na utomvu ulikuwa unatoka. Flora aliutazama ule mti, kisha akanitazama mimi.

Watu wakatawanyika bila kuagana vizuri. Silvesta akakaa chini ya mkorosho, akatoa tupa kwenye mkoba ambao haachani nao, akaanza kukikata kilengeo cha Fakihi kwa mikono yake mwenyewe. Kazi hiyo ilimtoa machozi na hakuyafuta. Kilipodondoka, alinyoosha kiganja kwa Ashiru bila kumtazama. Ashiru akatoa kile kipaketi cha nailoni. Mume wangu akafunga kilengeo cha bastola juu ya mtutu ule, akakaza skrubu, akakipima, akakaza tena, kwa uangalifu uleule anaoufanyia kazi yake mwenyewe. Akamrudishia.

Nilidhani yamekwisha. Nilitaka turudi nyumbani nipike, tule, nimtukane kidogo kisha nimhurumie. Lakini Ashiru alikuwa bado amesimama.

"Baba," akamwambia, bila ukali, "vile vingine umewatengenezea watu wangapi? Na hao watu, wote bado wako hai?"

Nilimwona Silvesta akihesabu kimoyomoyo, midomo inachezacheza, jina baada ya jina, tangu Lukuledi, tangu enzi za baba yake. Kila kimoja alikifuatisha na shingo ya mtu fulani, na shavu lake, na jicho lake. Kama si upofu, ni bega lililovunjika, ni shingo fupi, ni kengeza. Kazi nzuri yote ile, kila kipande kikimngoja mpwa asiyejua kitu. Alianza kukusanya tupa zake.

Tangu siku hiyo Bi Pili hanisalimii, nami simlaumu. Kwa Christopher, Silvesta alikwenda mwenyewe, akanunua vipaketi vyote vilivyokuwa dukani, akavitia kwenye mkoba pamoja na tupa. Kijana wa watu alidhani amepata wakala. Tulianzia Nanganga, kwa sababu mtu wa kwanza aliyemkumbuka kuwa amefariki alikuwa wa huko, mzee Ladislaus, aliyekuwa na shingo iliyokauka upande mmoja baada ya kuanguka mkorosho. Tulipanda basi. Nilikuwa nimeushika ule mkoba mapajani, na kila gari liliposimama kushusha abiria niliona tunacheleweshwa makusudi.

Mjane wa Ladislaus, Bi Dominika, alitupokea kwa furaha ya mtu anayeona wageni wa zamani. Tulimwamkia, akatukaribisha, akatutandikia mkeka kivulini, akaanza kuuliza habari za Mnyambe na za watoto. Mume wangu hakukaa. Aliuliza gobole la marehemu liko wapi.

"Lipo," akasema. "Alirithi mpwa wake, na analitunza, hata kutu halina. Nyani wametusumbua sana kwenye mahindi, ametoka nalo asubuhi hii. Kaeni basi, atarudi, amekwenda na watoto wamsaidie kuwafukuza."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameshafika barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu nyonga yake iharibike, alikuwa anakimbia.